Maganga, Mpagazi wa Mpira

Mtani wangu Maganga,

Tangu tukuzike, theluji haijapumzika. Asubuhi nikivuka daraja kwenda chuoni, mto umeganda chini yangu na mji wote umekuwa mweupe, hauna kingo, na ndani ya weupe ule nakuona ukikimbia: mpira umeukumbatia kwapani, mabega umeyainamisha, na kila anayekurukia anakumbatia hewa. Hukanyagi chini. Sijui kama ni ndoto, au ni macho yangu yanayokataa kuamini.

Magazeti yamekuandika. Yameeleza jinsi kijana wa Tabora alivyojifunza ukubwani ule mchezo wa Wamarekani wa kukimbia na mpira kwapani, akapanda hadi timu ya kulipwa, akashangiliwa misimu michache chini ya paa la uwanja ule mkubwa, kisha goti likavunjika. Hayakueleza kwamba waliokushangilia hawakukujua tena ulipokuwa ukiendesha lori la ghala kule mjini Savage, hadi siku lilipoteleza kwenye barafu likakuua. Je, mtu ni goti? Je, jina hudumu kadiri mishipa inavyodumu? Niliyauliza hayo kwa kipaza sauti kwenye maandamano mbele ya maktaba ya chuo ungali hai, nawe ukapita ukinicheka: “Mzaramo, hiyo ni hotuba au ngoma?”

Mama yako alipiga simu kutoka Tabora. Neno lake lilikuwa moja: “Mtani wake awepo. Mwanangu asizikwe kimya kama mgeni.”

Nikaogopa, Maganga. Mimi, nisiyeogopa polisi wala mkuu wa chuo! Kanisa la Brooklyn Park lilijaa wenzako wa timu, vifua kama makabati, wamebanwa na suti nyeusi. Wangejuaje kwamba Mzaramo ana haki ya kumtania Mnyamwezi hata akiwa jenezani? Lakini nani mwingine angekufanyia? Nikasimama, nikasema kwa Kiingereza ili wote wasikie: “Maganga, mvivu we! Babu zako walibeba pembe za ndovu kutoka Tabora hadi pwani. Wewe umebeba kimpira cha ngozi, tayari umelala? Inuka, mpagazi!”

Yule jitu aliyekuwa akikufungulia njia uwanjani akainuka, uso umemwiva kwa hasira. “Binti, mheshimu marehemu.” Dada yako Kulwa akamshika mkono. “Huyu ni mtani wake. Asipotaniwa leo, ataonekana hana kwao.”

Yule jitu akauachia mkono wa Kulwa. Kisha akaja mpaka kwenye jeneza, akakuinamia. “Miaka yote ulijificha nyuma ya mgongo wangu, sifa ukazichukua peke yako. Mwizi wewe!” Mwingine akadakia kutoka nyuma, “Na alivyokuwa akikoroma kwenye ndege!” Kanisa zima likacheka, kicheko kilicholowa machozi, na kwa saa ile hukuwa goti, hukuwa namba mgongoni. Ulikuwa mtu mwenye watu.

Naendelea kupigana, usidhani nimenyamaza. Ila sasa, katikati ya hotuba, mara nyingine nasahau neno, nakutazama ukipita juu ya vichwa vya watu, mwepesi kama unyoya.

Kwaheri, Maganga. Nikimaliza masomo nitapitia Tabora kabla sijafika kwetu Kisarawe. Mama yako hakuwahi kukuona ukikimbia. Nitajifunga kanga, nibane mto wa kulalia kwapani, nikimbie uani mbele yake hadi kuku watawanyike, nimwonyeshe mwanawe. Nikianguka, na acheke.