Mgongo wa Mama

Kaka Mudrick,

Shikamoo. Huku Ihumwa mvua imegoma, ila mbuzi wako kazaa mapacha.

Mama alikuwa akilalamika mgongo, tukasema ni jembe. Juzi namchua kwa mafuta kama kawaida, nikasikia ko! Ubavu umevunjika chini ya kiganja changu. Sikubonyeza, kaka, wallahi!

Eksirei ikaonyesha mifupa ina matundu kama chujio. Wakampima damu na mkojo, wakamtoboa nyonga kuchukua uboho. Ni kansa ya uboho, daktari anasema ndiyo inayokula mifupa.

Mama tumemwambia ni ubavu tu. Hapa ninapoandika ananiita nikamchue, eti hakuna mkono unaomtuliza kama wangu. Chupa ya mafuta iko mezani. Kaka, naogopa kumgusa mama yangu mzazi.

Mdogo wako,
Mwanaidi