Kunywa Maji Kwanza, Kaka

Kwa kaka yangu Vaopuna, mkubwa wa ukoo wetu,

Pokea salamu zangu kutoka hapa hospitali, Apia. Magoti yanakusumbua bado? Na yule nguruwe mkorofi, angali anafukua magimbi yako? Mimi mzima, ila natetemeka. Nesi ananiandikia, na nimemkataza kunipambia maneno.

Mjukuu wetu Sinalei amepasuliwa leo ili ajifungue. Ulipoagiza ukoo mzima ufunge, bila chakula wala tone la maji, mpaka asimame tena kwa miguu yake, ulimtaja na yeye mwenyewe. Akatii. Nikaona midomo inamkauka, nikanyamaza, maana wewe ukisema umesema.

Asubuhi daktari wa ganzi, binti mmoja anaitwa Lupe, akatueleza kuwa atamchoma sindano ya mgongoni. Akasema sindano hiyo hushusha presha, na moyo huweza kupunguza mapigo, na aliyeishiwa maji mwilini huanguka vibaya zaidi. Akamuuliza Sinalei kama jana alikunywa maji. Mwongo yule akajibu kwamba alikunywa mengi tu. Aliona haya kukutangaza.

Mimi, kaka, nikamfichua. Nikasema hajanywa kitu tangu juzi. Daktari akaniuliza kama tunamkausha tukamuuze sokoni na samaki.

Wakamtundikia dripu, wakamfunga miguu bandeji za kubana ili damu isituame huko chini. Baada ya sindano wakamlaza akiegemea kushoto, tumbo lisikandamize mshipa mkubwa. Hata hivyo presha ilishuka. Sinalei akanong'ona, bibi, nazama. Mlio wa mashine ya moyo ukaanza kuchelewa, ukachelewa, mpaka kati ya mlio na mlio niliweza kumwita jina lake zima. Daktari akasukuma dawa mshipani huku akimgombeza asithubutu kulala. Mlio ukarudi. Kisha mtoto akalia. Ni wa kike, ana masikio yako, maskini.

Presha bado wanaipima kila mara, na miguu bado imekufa ganzi. Sijaacha kuogopa.

Sasa sikia nililofanya. Nilitoka barazani nikawakuta ndugu zetu wamekaa na midomo mikavu, nikawaambia umeagiza wanywe. Hukuagiza. Nimelitumia jina lako bila ruhusa, na kesho ningelitumia tena.

Nakujua, utakuwa wa mwisho kufungua mfungo, na presha yako pia naijua. Ukisomewa barua hii, kunywa maji kwanza, ndipo unikasirikie.

Msalimie wifi, mwambie akusimamie mpaka kikombe kiishe.

Dada yako mkaidi,
Pelenatete