Mwanao Hajanyimwa Chakula

Chumbageni, Tanga

Kwako Mama mkwe,

Shikamoo. Ndizi ulizotuma zimefika salama, asante. Nyingi tumewagawia majirani.

Nimesikia uliiona picha ya mwanao Wilfred ukalia, ukasema namnyima chakula. Hata huku kanisani wanasema hivyo hivyo. Alipokuwa na kilo mia na hamsini walinisifu kwamba najua kutunza mume!

Mama, Wilfred alipasuliwa, mfuko wa chakula ukapunguzwa. Aliniomba nisikuambie mapema, usije ukafunga safari kwa hofu. Sasa anashiba uji wa kikombe cha kahawa, na kila asubuhi anatembea hadi Makorora na kurudi, yeye ambaye ngazi tatu tu zilikuwa zinamtoa jasho.

Alikubali kisu kwa sababu daktari alimwambia unene umepunguza mbegu zake. Alionywa kwamba hata akipungua, mtoto si hakika. Akaenda.

Jumapili akina mama waliponisonga tena, "Lea, mlishe mumeo," Wilfred alisimama mbele yao akasema, "Miaka yote saba bila mtoto, tatizo lilikuwa langu. Mke wangu hana kasoro." Wala hakuinamisha kichwa.

Ile mizizi unayonitumia kila mwaka nimeinywa yote, Mama, kwa heshima yako. Usitume tena. Mimba bado. Lakini neno nililolingoja miaka saba nimelisikia, tena mbele za watu.

Mkweo,
Lea