Mwanangu Ananiita Dada

Nalasi, Tunduru, 18 Oktoba. Huu ni mwezi wa nne tangu nitoke nyumbani Matogoro, Songea.

Mshauri mpendwa, nakuandikia nikiona aibu, nisaidie kabla sijaharibu zaidi. Mimi ni mama wa mtoto mmoja wa miaka mitatu, Ida, baba yake hayupo na simtafuti, shule niliachia kidato cha pili kwa ajili ya mimba hiyo, na sasa ni kibarua kwenye mikorosho ya mzee Daimu, nilianza na kupuliza salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, mpaka macho yakawa mekundu, sasa tunaokota korosho, kutwa nimeinama, mgongo wangu wa miaka ishirini na mmoja unauma kama wa bibi.

Hamu yangu ni jeshi, na si kwa ajili ya mshahara tu, nisikudanganye. Mwanzoni mwa mwaka Hilda wa Msamala, niliyesoma naye, alikuja likizo amevaa magwanda, anatembea katikati ya barabara kama barabara ni yake, na mimi nimesimama pembeni na ndoo ya maji kichwani, nikaona wivu mpaka nikashindwa kumsalimia. Nilipomfuata baadaye kumuuliza akasema, "Careen, kule hawachukui mama wa mtu. Ungekuwa huna mtoto ungeenda hata kesho." Nikarudi nyumbani na neno hilo, na badala ya kwenda kuwauliza wanaohusika, nikaamua kwamba nitakuwa sina mtoto.

Nikamfundisha Ida kwamba mimi ni dada Careen na mama yake ni bibi, yaani mama yangu Walburga. Akiniita mama siitiki. Akiniita dada nampa karanga, akisahau namnyima, na siku za kwanza alilia sana, mshauri, halafu akazoea. Majirani nikawaomba waache kuniita Mama Ida, wengine wakacheka, wengine wakaendelea kuniita hivyo hivyo. Mama yangu aliniambia, "Kulea nitamlea, ni mjukuu wangu. Lakini mwenyekiti wa mtaa akiniuliza kwa ajili ya barua yako ya jeshi, sitasema nimemzaa mimi." Nikamjibu vibaya, nikaja huku kufanya kibarua, na pia ili mtoto anisahau vizuri.

Juzi mama alipiga simu tukiwa shambani, akampa Ida. Sauti ikasema, "Shikamoo, dada." Nikaitika, "Marahaba." Nilikuwa nimeshaitika ndipo nikajikuta nimekaa chini kwenye majani. Subira, mke wa mzee Daimu, akauliza, "Nani huyo?" Nikasema ni mdogo wangu. Akaniangalia. "Mdogo wako gani wa kukukalisha chini? Au nyie Wangoni ndivyo mnavyosalimiana?" Wenzangu wakacheka, na mimi nikacheka nao. Kucheka kule ndiko kunanitesa.

Nifanye nini? Nikisema ukweli jeshi nalikosa, nikiendelea hivi mtoto namkosa, na aibu kubwa kuliko zote ni kwamba bado nalitaka jeshi. Nitarudi Songea korosho zikiisha, karibu na Noeli.

Careen

MSHAURI ANAJIBU

Careen, hiyo aibu ya mwisho itupe. Mama kutaka kuwa askari si kosa, na kuchoka kuinama si kosa. Aibu ya karanga ndiyo yako, ishike hiyo. Jeshi halikukutuma umnyime mtoto wako chakula kwa sababu amekuita mama. Hilo ulilitunga mwenyewe.

Inawezekana Hilda amesema kweli. Hata hivyo Hilda si tangazo. Nenda ofisi ya mkuu wa wilaya uulize masharti, na ukiuliza anza kwa kusema una mtoto, umtaje kwa jina. Wakikataa, wamekataa, utalia na utaamka. Uliza papo hapo kuhusu mafunzo ya mgambo, nimewaona akina mama wakiyamaliza na watoto wakiwasubiri uwanjani. Wakikubali, rudi kwa mama yako umwombe akulelee mjukuu wake kwa miezi yote utakayokuwa kambini. Mwombe kwa heshima, maana yeye peke yake katika nyumba hiyo amekataa kusema uongo.

Na hata kama ungeingia kwa hila, binti yangu, ungeishi vipi? Kila anayetoka Songea ungemkimbia. Picha ya mtoto ungeificha wapi? Siku Ida akiugua ungeomba ruhusa ukamwone nani? Akina mama wengine mnaoniandikia kuhusu jeshi, nanyi jiulizeni hayo kabla ya kununua raba za kukimbilia.

Sasa sikiliza. Unasema utarudi karibu na Noeli. Mtoto wa miaka mitatu hajui Noeli ni lini. Mwambie Subira ukweli, amekwisha kuuona nusu, akuombee ruhusa kwa mumewe. Jumamosi hii panda basi. Ukifika, usimbebe Ida kwa nguvu wala usimletee zawadi. Mwambie, "Mimi ndiye mama yako, nilikudanganya." Atabisha, umemfundisha mwenyewe kubisha. Akijificha nyuma ya bibi yake, kaa hapo hapo mlangoni. Jumapili kaa tena.

Ofisi ya wilaya inafunguliwa Jumatatu.