Kikohozi cha Baba Mkwe

Jumatano, 8 Juni 1955

Nimefagia duka, nimepima chumvi. Baridi inauma. Bwana Sanga, jirani, ameanza msingi wa duka lake. Maduka sasa yameshikana hadi kwenye mashine ya kusaga. Nilipoolewa hapa Mwanjelwa palikuwa mahindi matupu na vinjia vya kupindapinda.

Jioni kikohozi tena. Nikatoka mbio kupitia kichochoro kilicho kati ya duka letu na kiwanja cha Sanga.

Ijumaa, 10 Juni

Ambakisye amenicheka. "Mke wangu, baba tulishamzika." Najua. Nilikuwepo matangani. Lakini kwetu Unyakyusa mke haonani na baba mkwe wake. Mzee akija hukohoa, nawe unajificha. Na kikohozi ni chake, kikavu, mara mbili. Natazama barabarani, hapana mtu.

Jumatatu, 13 Juni

Ukuta wa Sanga umefika kiunoni. Anaziba kichochoro changu! Duka letu halina mlango wa nyuma. Nimemsihi aache upenyo. Kasema mjini kila shibiri ni duka. Roho ya kutu. Sababu sikumwambia. Ningeanzia wapi?

Mimba ya kwanza ilitoka baada ya kukutana na mzee uso kwa uso kisimani, enzi za uhai wake. Hii ina miezi sita. Naogopa. Naogopa mno.

Alhamisi, 16 Juni

Ukuta umekwisha. Mtaa umenyooka kama uzi, watu wanausifu. Mimi natafuta pa kujificha.

Ijumaa, 17 Juni

Kimekuja, jua halijatua. Nikachutama nyuma ya kaunta, kanga usoni, mkono tumboni. Kikasikika mlangoni. Kikangoja. Nikapiga kelele: "Baba, sina pa kwenda, wamejenga!" Maskini mimi, sijawahi kusema naye maishani.

Hatua zikaingia, polepole. Kitu kikaburutwa sakafuni.

Ambakisye ndiye aliyeniinua. Hakumkuta mtu. Kiti cha wateja kilikuwa kimegeuzwa, kimeelekea ukutani. Anayekaa hivyo haioni kaunta kabisa, wala aliyejificha nyuma yake.

Mtoto hatikisiki. Sijala.

Jumamosi, 18 Juni

Bado. Nimeomba hadi magoti yameuma.

Jumatatu, 20 Juni

Amecheza! Tangu jana alfajiri anacheza, mpaka kanisani nilishindwa kusimama vizuri. Nimelia kama mjinga.

Ambakisye alikuwa amekirudisha kiti kielekee kaunta. Nimekigeuza tena kielekee ukutani. Amekiacha hivyo.

Jioni kikohozi kimesikika tena. Nimeendelea kupima sukari.