Nesi wa Uroa Hana Usingizi Kwao

Mpendwa Bi Wanu mshauri,

Baada ya salamu, naomba uniazime akili yako maana yangu imefika mwisho. Mimi ni mchoma chokaa wa hapa Uroa na nna binti, Mwatum, ambaye mwaka huu amemaliza mafunzo ya unesi huko mjini, na tangu enzi za mababu hajatokea msichana wa kijiji chetu aliyevaa zile nguo nyeupe, kwa hiyo usinilaumu nikisema kwamba siku aliyoteremka garini amezivaa niliona kama mimi ndiye niliyefaulu mtihani.

Kazi yake ya wodini, hospitali ya hukohuko mjini, ni nzito, na akipata ruhusa huja kwetu Jumamosi apumzike, arudi Jumapili. Basi safari iliyopita mimi nilikuwa nshapita msikitini, dukani na barazani kutangaza kwamba nesi anakuja, na hata chai hajaimaliza watu wameshajaa ukumbini, huyu goti, yule jicho, Mzee Mcha na kifua chake cha siku zote, nami nimekaa kitini nikimwambia kila aingiaye, "Huyu ndiye Mwatum, nesi, mwanangu," ingawa wote wanamjua tangu anatambaa. Hakumfukuza mtu. Aliwasikiliza mpaka magharibi, na Jumapili asubuhi wakaja wengine, hata kutoka Chwaka.

Mke wangu Time akanivuta jikoni akaniambia, "Mtoto macho mekundu, mwache alale." Nikamjibu, "Wamebaki wawili tu," kumbe uani wamejaa tele. Niliporudi, Mwatum alikuwa amemshika mgonjwa mmoja, Bi Mize, mkono ili ampime mapigo ya moyo, na palepale alipoketi usingizi ukamchukua, kichwa kikamwangukia yule bibi begani. Bi Mize hakujitikisa, aliwaashiria watu kwa mkono wa pili watoke, nami, Mungu anisamehe, nikawanong'oneza wakati wanatoka, "Mnaona anavyofanya kazi mwanangu?"

Alipoamka alifunga mzigo wake, akanibusu mkono, akaniambia taratibu, "Baba, wiki ijayo nitabaki kwenye bweni la manesi. Kule angalau mlango unafungwa."

Jumamosi hii hakuja. Mama yake alipika pweza wa nazi tukala wawili tu. Bi Wanu, nnamtaka mwanangu nyumbani, lakini fahari hii nikiizuia kifuani itanipasua. Nifanyeje?

Mzee Sheha, Uroa

*

Shikamoo, Mzee Sheha. Heshima yako nshakupa, sasa niwie radhi nikukaripie.

Fahari yako haina aibu. Kumsomesha binti kwa moshi wa tanuri la chokaa mpaka akavaa nguo nyeupe si jambo dogo, na mimi nisiyekujua nimeisoma barua yako nikitabasamu. Lakini mtoto anashinda na wagonjwa wiki nzima, kisha anakuja kwao anakuta baba kamfungulia wodi ya pili, na baba mwenyewe ndiye anayeita majina. Hata punda wa kubeba mawe hufunguliwa akagaragara mchangani. Bi Mize mgonjwa alimhurumia, wewe mzima ulikuwa ukitafuta sifa.

Mwatum hajakuchoka. Angekuchoka asingekubusu mkono.

Panda gari uende mjini siku yoyote ambayo si Jumamosi. Mchukulie chakula cha mama yake. Muombe radhi kwa maneno machache, na usimzungushe bustani ya Forodhani ili watu wamuone. Mwambie akija tena hutatangaza, kisha kweli usitangaze. Mzee Mcha na wenziwe waelekeze zahanati, huko ndiko kwenye dawa.

Akifika, ale, aoge, alale chumba cha ndani mpaka aamke mwenyewe. Bi Time asimpe hata nazi ya kukuna. Wewe tandika mkeka wako kizingitini ukae hapo, maana watu watakuja tu, kijiji hakina siri. Na kila atakayepiga hodi mjibu, "Mwanangu nesi amelala."

Ruhusa hiyo nakupa. Waambie hivyo Uroa nzima, mmoja mmoja, kutwa kucha ukipenda. Ila kwa kunong'ona.