Kifua Chako Kilikuwa cha Ukoo

Bukavu, Agosti 1958

Mwaka umetimia, Cyprien, tangu uliposimama ghafla kwenye mashine yako ya kushona, ukashika kifua na mgongo kwa pamoja, ukasema: "Maman Delphine, kuna kitu imepasuka mu ndani." Kabla sijamwita jirani ulikuwa umeshatutoka. Hukuwa umefika hata miaka arobaini.

Mtaa wetu wa Bagira unakukumbuka kwa upole wako. Ulikuwa mrefu, kila mlango uliuinamia, na vidole vyako virefu vilishona magauni ya mabibi wa Kizungu wa mtaa wa Nguba bila kasoro. Mama wa sokoni akija na kitambaa kisichotosha, ulimshonea mtoto wake kwa vipande vilivyobaki, ukamwambia aende zake. Ulipiga mluzi ukishona, wimbo uleule, mpaka nikuombe unyamaze. Leo ningeusikiliza kutwa nzima.

Hayo ndiyo mazuri. Sasa nina maneno na wewe, na wengine wasikie.

Ulinificha jambo. Nilipokiona kifua chako mara ya kwanza, kimebonyea katikati kama bakuli, ulisema ulianguka mtini ukiwa mdogo. Nikaamini, mjinga mimi. Kila koti ulilojishonea ulitia pamba kifuani, na pamba hiyo niliishindilia mimi kwa mikono yangu. Kaka yako Alphonse naye alikuja, mlango ukafungwa, akapimwa, akatoka na kifua cha sajini. Nikauliza, ukasema ndio mtindo wa sasa.

Siku ya msiba, ulipokwisha kuoshwa, Alphonse huyohuyo alitoka nje akapiga kelele mbele ya watu wote: "Muone kifua ya ndugu yangu! Huyu mwanamuke amemukula mu ndani!" Akasema hivyo akiwa amevaa koti lake la pamba. Waliokaa nami mkekani wakasogea pembeni. Tangu siku ile nikifika bombani, wanawake wanaondoa ndoo zao.

Mimi ningevumilia. Lakini binti yetu Delphine anakua, na kifua chake kinaingia ndani kama chako, na vidole ni vyako vilevile. Alphonse akasema huo ndio ushahidi wa pili wa uchawi wangu. Akataka kumchukua aishi kwake Kamanyola, eti amwokoe kwa mama yake mchawi, na eti kubeba mihogo ya shambani kutamnyosha kifua.

Nilimpeleka kwa daktari. Alimsikiliza moyo, akampiga picha ya kifua, akaniuliza watu wa ukoo wako walikufaje. Hilo hukuwahi kuniambia. Akanieleza kwamba kitu hiki mtu huzaliwa nacho, kinapita katika damu ya jamaa, na mshipa mkubwa unaotoka moyoni unaweza kuwa mlegevu na kupasuka. Mtoto asibebe mizigo mizito. Akaniambia nimletee ndugu za baba yake awaone nao.

Nikamwendea Alphonse. Hakunipa hata kiti. "Mu jamaa yetu hakuna ugonjwa ile," akasema. "Ugonjwa ni wewe."

Aliyekuja ni dada yako Constance. Aliingia jikoni kwangu, akafungua vifungo vya blauzi yake, akashika mkono wangu akauweka pale katikati. "Maman Delphine, na mimi niko hivi. Papa yetu alikuwa hivi, alianguka mu shamba na muzigo ku kichwa. Walitukataza kusema, eti hakuna mutu atatuoa." Tukalia sote wawili. Nilimkasirikia na kumshukuru kwa wakati mmoja.

Alikwenda na Delphine kwa daktari. Halafu wakubwa wa ukoo wako walipokaa kuamua habari ya mtoto, yeye kama shangazi akasimama. Akasema Delphine atabaki kwa mama yake. Alphonse akaanza tena maneno yake ya uchawi. Constance akamkatiza kaka yake mkubwa: "Yaya, vua koti." Macho yote yakamgeukia Alphonse. Hakuvua, aliondoka.

Nawe, Cyprien, kila jioni ulibeba mashine ile begani kutoka kazini mpaka nyumbani, na mimi nilikufungulia mlango nikicheka kwamba nina mume mwenye nguvu. Ungesema neno moja tu, ningeibeba mimi. Hilo bado sijakusamehe, na nimejaribu.

Wanaokukumbuka ni mimi mke wako Apolline. Binti yako Delphine, ambaye hatabeba mzigo wa mtu yeyote. Dada yako Constance na watoto wake, ambao sasa wote wamepimwa. Na majirani wa Bagira walioanza kunisalimia tena. Misa itasomwa Jumapili ya kwanza ya mwezi huu.

Alphonse hatukumwandika. Kama wafu wanaruhusiwa kuja katika ndoto za watu, nenda kwake, mwambie daktari anapokea kila Jumanne. Sisi hatatusikia. Hatumpendi, wala hatumwombi radhi, lakini hatutaki kumlilia naye kama tulivyokulilia wewe.

Wewe tutakukumbuka siku zote za maisha yetu.